Toa Mkono Shavuni

Kaka Seifu,

Wiki iliyopita nilijikuta nimeshika tama. Nilikuwa mbele ya bango la yule kinyozi Mkongo wa hapa mtaani Point, huku ugenini, brashi imekauka, shavu limeegemea kiganjani, sijui kwa muda gani. Nikamsikia Mama kana kwamba yuko nyuma yangu, kama enzi zile Tanga: "Toa mkono shavuni, unatuitia msiba." Niliutoa haraka. Msiba umeshakuja, Kaka, na bado naogopa.

Wewe ulimcheka Mama. Ulipoanza masomo ya sanaa kule chuoni Westville ulirudi na picha ya kale ya Ulaya, mwanamke mwenye mabawa kashika tama, vifaa vya kazi vimetapakaa miguuni pake. Ukaibandika juu ya jiko. Ukaniambia zamani, huko Italia, wasomi waliamini kwamba wenye vipaji vikubwa huzaliwa chini ya nyota ya Zohali, na nyongo nyeusi iliyomo mwilini mwao ndiyo inayowapa huzuni na ndiyo inayowapa kipaji. Ulifurahi mno. Hatimaye ile hali yako ya huzuni ilikuwa na jina la heshima.

Basi ukaitunza kama mgeni. Ukaacha kula, ukagoma kwenda kliniki. "Wakiniponya, Mwana, nitabaki na mikono tu." Ugonjwa wa kifua ulipokuja ulikukuta huna nguvu.

Tangu uondoke usingizi umenihama. Na kinachonitisha ni kwamba nachora vizuri. Kinyozi alikitazama kichwa nilichomchorea, akasema, "Dada, hii iko na roho. Ile ya zamani ilikuwa mapambo tu." Nilifurahi, kisha nikaona aibu. Nikawaza labda Kaka alisema kweli, labda nikipona roho hiyo itaondoka.

Jana mwalimu wako alikuja kuchukua ile picha uliyojichora umeshika tama, waitundike chuoni. Nikamuuliza habari za nyongo nyeusi. Akasema ndiyo, wasomi wale waliisifu, lakini waliiogopa pia. Walihangaika kutafuta tiba: kula vizuri, kutembea juani, kupiga muziki, kukaa na marafiki. Hayo yote aliwafundisha darasani. Na wewe ulikuwepo.

Kwa hiyo ulijua. Uliniletea nusu, nusu ukaiacha Westville. Nimekukasirikia, Kaka, hata chai nimeiacha ipoe. Nani alikwambia mabango yetu ya mwanzo, tuliyochora tukicheka mpaka rangi ikamwagikia mkeka, hayakuwa na roho?

Kesho naenda kliniki. Naenda na woga wangu wote, maana huenda ulisema kweli. Nikirudi na mikono tu, nitachora kwa hiyo mikono.

Pumzika, Kaka yangu. Mungu akurehemu. Ijumaa nitampigia Mama simu, na ataniuliza kama nimekula, kama alivyokuwa akikuuliza wewe. Nakuahidi, nikimjibu ndiyo, itakuwa kweli.

Mdogo wako,
Mwanaidi