Ng'ombe Niliyemdai Anselme

Bujumbura, Jumatano, mwezi wa sita 2004. Kiangazi kimekomaa. Vumbi limeifuta milima ya Kongo upande wa pili wa ziwa, na mimi nimeamka na hasira ile ile niliyokuwa nayo Jumamosi.

Hapana, niseme sawasawa. Hasira ya Jumamosi ilikuwa tamu. Ya leo ina mchanga, kama wali uliochambuliwa na mtu mvivu.

Naandika hapa kwenye mtandao kwa sababu magazeti mawili ya mji huu hayataki tena makala zangu, na kwa sababu hapa hakuna mhariri wa kuniomba nipunguze makali. Sijui nani anasoma. Asiposoma mtu, bora zaidi.

Ninayemchukia anaitwa Anselme. Ni mhandisi wa miamba, anakaa Kinanira, ana miwani yenye kamba na sauti ya padri. Miezi michache iliyopita tulikaa naye meza moja mbele ya ukumbi uliojaa, tukibishana juu ya mafuta ambayo wataalamu wanasema yamelala chini ya ziwa Tanganyika. Kuna kampuni inayopiga hodi. Inangoja tu bunduki zinyamaze. Sisi wengine tulitaka sheria iifunge kabisa delta ya Rusizi, penye viboko na ndege, na ambako samaki wanazalia. Anselme akasimama, akasema kwa upole kwamba tukiifunga delta hatutaizuia kampuni. Tutaisukuma katikati ya ziwa, kwenye kina, ambako ajali moja haina dawa. Nyinyi wapenda ndege, akasema, ndio mtakaokuwa mmekichimba kisima cha huko.

Nikamjibu. Nimesoma maisha yangu yote, na mambo haya nimeyasoma kwa chuki, ambayo ndiyo njia bora ya kusoma. Nikasema kampuni haisukumwi na sheria. Kampuni zimekwenda kwenye kina cha bahari hata pale ambapo nchi kavu haikufungwa, kwa sababu visima vya karibu vinakauka na bei inapanda. Bei ikishuka zinarudi zenyewe, na sheria haijabadilika hata nukta. Nikamalizia kwa mfano: mwizi akikuta mlango umefungwa akapita juu ya paa, nani atasema ni kufuli iliyompandisha?

Ukumbi ukapiga makofi. Anselme akangoja yaishe.

"Kufuli haikumfanya mwizi, Mwalimu," akasema. "Lakini sasa amemwangukia mtoto wako kitandani."

Walicheka. Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Wiki nzima sokoni watu waliniuliza kama paa langu ni zima.

Sikusahau.

Halafu Mungu, au yule mwingine, akamleta Anselme nyumbani kwangu. Alida, mtoto wa marehemu kaka yangu, amechumbiwa. Nimemlea tangu baba yake auawe barabarani, kwenye basi lililosimamishwa milimani, Alida alipokuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Mchumba wake ni Fabrice, muuguzi kule Kamenge, kijana asiye na kelele. Sina neno baya juu yake, na nimelitafuta. Lakini msemaji wa familia ya Fabrice katika siku ya mahari ni mjomba wake, ndugu ya mama yake.

Mjomba mwenyewe ni Anselme.

Alida alilijua moyo wangu kabla sijafungua mdomo. Alinifuata uani nikinyoa ndevu. "Tonton," akaniambia, yaani ami, "siku ile ni yangu. Si ya ziwa." Nikamwahidi. Nilikuwa na povu usoni, na nadhani hakuniona nilivyotabasamu.

Kwa atakayesoma haya akiwa mbali: kwetu siku ya mahari ni mchezo, na mchezo una taratibu zake. Mambo yote yamekwisha kukubaliwa na watu wachache wiki kadhaa kabla. Lakini siku yenyewe wageni wanafika kana kwamba wamepotea njia, na msemaji wa upande wa binti, yaani mimi, anajifanya hawajui. Anawauliza wametoka wapi. Anatishia kuwarudisha. Wao wanabembeleza, wanatoa kreti ya bia kama faini, wanapiga magoti ya utani, naye mwishowe analegea. Kukaza ni kazi yangu, kubembeleza ni kazi yao. Hakuna anayekaza bila kujua kwamba atabembelezwa.

Na kuna ng'ombe. Zamani alikuja kwa miguu yake. Siku hizi nani atamteremsha ng'ombe kutoka milima ya Mugamba, kwa barabara ambayo hata lori lenye wanajeshi linapita likikimbia? Kwa hiyo mjini ng'ombe ni bahasha. Lakini msemaji wao lazima amsifu kana kwamba amefungwa pale nje: pembe zake, rangi yake, mwendo wake, maziwa yake. Watu wanapiga makofi, bahasha inapita kimya kimya, tunakunywa.

Jumamosi Anselme alimsifu ng'ombe wake. Naandika kwa uchungu: alimsifu vizuri mno, kwa Kirundi cha heshima ambacho sikujua kuwa mhandisi anaweza kukimiliki. Alisema ana pembe zinazokumbatia mwezi. Alisema ukimkamua, povu linapanda kabla maziwa hayajajua yanakwenda wapi. Wazee wa upande wangu, wazee wangu mimi, walitikisa vichwa kwa raha. Na mimi nikaisikia sauti ile ile ya ukumbini, ilipokuwa ikitusifia mitambo ya usalama ya kampuni, valvu juu ya valvu, mitambo ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona ila kwenye karatasi.

Nikangoja amalize.

"Ng'ombe mzuri," nikasema. "Mleteni tumwone."

Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo. Nikawaacha wacheke, kisha nikaendelea. Nikasema ng'ombe wa bahasha hana kwato, hazai, halii usiku mwizi akija, na nyumba hii haitoi binti kwa karatasi. Kicheko kikapungua. Mke wangu Domitille, aliyekaa nyuma yangu, akanifinya mgongoni kupitia uwazi wa kiti. Sikugeuka.

Nilikuwa nangoja goti la Anselme, hilo tu. Apige goti, aseme mzee tusamehe, nimwache pale chini kidogo ili ndugu zake wote wamwone, halafu nilegee. Nilikuwa nimekwisha kuiandaa sentensi ya kumwinulia. Ilikuwa sentensi nzuri, ina paa ndani yake.

Hakupiga goti.

Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaniangalia muda mrefu kuliko mchezo unavyoruhusu. Kisha akasema neno moja tu. "Atakuja."

Wakainuka, wakaondoka. Bia ilibaki imefungwa, na bahasha juu yake. Alida alikuwa ndani, amevaa vazi lake la heshima, anangoja kuitwa. Hakuitwa.

Nami Jumapili nilitembea mtaani kwetu Cibitoke kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Habari ilikuwa imenitangulia. Hamadi, fundi wa pikipiki jirani yangu, aliacha spana chini akanipigia saluti. "Mwalimu," akasema, "ngombe ikifika usitusahau siye wa ngambo ya barabara. Hata ukwato tu." Nikamwambia hafiki, ndiyo maana nimemdai. Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Jumatatu nilisimulia tena. Jana nilisimulia kwa mtu ambaye tayari alikuwa amenisikia mara mbili.

Leo asubuhi Domitille aliniletea uji, akauweka mezani kwa kishindo kidogo. Hakukaa. "Baba Alida," akasema, "ile ngombe yako, mutoto wa watu ameenda kuitafuta."

Fabrice ameondoka alfajiri na msafara wa malori unaopanda Mugamba. Huko kwao kuna ng'ombe wa nyanya yake. Atalala huko, na kesho, Mungu akipenda na waviziao njiani wakilala, atashuka naye juu ya lori.

Alida alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Nilianza kumweleza taratibu za mchezo: kwamba walitakiwa kubembeleza, kwamba hakuna mtu mwenye akili ambaye angechukua maneno yale kama yalivyo. Aliniacha niseme mpaka nikakauka.

"Baba alifia ku barabara," akasema. "Sasa umenitumia Fabrice palepale."

Nimebishana na mawaziri, na maaskofu, na mzungu mmoja mwenye shahada tatu. Kwa hilo nilitoka jikoni.

Nikavaa koti nikaenda Kinanira. Nilijipanga njia nzima: nitamwambia Anselme ampigie kijana simu, amwambie bahasha inatosha. Nitalisema hilo nikiwa nimesimama, bila kuketi, na bila kuomba radhi. Likiisha nitaondoka.

Mke wake alinifungulia geti, mama mnene mwenye kitenge cha bluu. Akaniambia mumewe hayupo.

Nikauliza amekwenda wapi.

"Kuleta ngombe yako, Mwalimu."

Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo sababu maneno yaliniingia. Nikapata habari kamili nikiwa nimeshika nguzo ya geti. Fabrice alitaka kwenda peke yake. Anselme akakataa. Akasema aliyetamka "atakuja" ni yeye, na hawezi kumtuma mtoto wa dada yake kulitimiza neno la mdomo wake. Mtu wa umri wangu, mwenye kisukari, amepanda juu ya lori la magunia matupu. Mama yule aliniletea maji kwenye glasi, akangoja ninywe, kisha akanipa salamu zilizoachwa kwa ajili yangu.

"Ametoka anacheka," akasema. "Alisema utakuja leo. Alisema ukifika nikuulize: nani amefunga mlango?"

Nusura niivunje ile glasi.

Nilishuka mjini kwa miguu, nikitukana kwa lugha nne. Mtu yuko juu ya lori, kwenye barabara ya kifo, na bado amepata nafasi ya kuniachia swali! Amenifanya mimi niwe sheria ya delta, yeye awe kampuni maskini iliyosukumwa kwenye kina. Na siwezi kumkana. Nilifunga njia ya bahasha, wakashika njia ya hatari. Nilimwona kabisa ukumbini, vidole gumba vimeingizwa mkandani, akingoja wacheke.

Halafu, karibu na posta, jibu likanijia. Jibu nililolikosa miezi yote hii.

Anselme amesukumwa, ndiyo. Lakini shingo aliyoipeleka kwenye hatari ni yake. Kampuni ikisukumwa kwenye kina, shingo ni ya nani? Ni ya vijana watakaoajiriwa kwenye jukwaa lake la kuchimbia, na ya mvuvi wa Rumonge, na ya mji huu mzima unaolinywa ziwa hilo kila asubuhi kutoka bombani. Bahari ina mahali pa kupeleka uchafu wake. Ziwa letu ni kama chungu kikubwa kinachomwagika tone kwa tone. Wenye kampuni watakuwa wameketi mbali, kwenye viti, wakisema walisukumwa. Anayesema "umenisukuma" na mimi nimwone kwanza amepanda lori mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja. Hiyo ingeumaliza ukumbi ule.

Nilicheka peke yangu, watu wakanipisha njia. Kisha kicheko kikakwama. Kwa sababu hoja hiyo nimeichuma mgongoni mwa adui yangu, na kwa sababu katika habari hii yupo kweli mtu aliyebaki kwenye kiti, akadai kitu kizuri kwa sauti nzuri, akaiacha barabara iwe ya wengine.

Mimi.

Nakiri na jingine, kwa kuwa hapa hapana makofi. Kuna mahali Anselme alisema kweli. Anayefunga delta kisha akaenda kulala amefanya nusu ya kazi. Lazima aende asimame na kule kwenye kina, aseme hapana mara ya pili. Sikusema hivyo ukumbini. Nilikuwa nimeshughulika na mwizi na paa.

Nimekiri, lakini sijamsamehe. Watu huchanganya mambo haya mawili.

Nimempigia simu kutoka kibanda cha posta. Haipatikani. Milimani huko hakuna mtandao. Nimejaribu ya Fabrice, vilevile. Nyumbani ndiko walikopokea. Cyber hii ninamoandikia itafungwa sasa hivi, kila mtu anataka kufika kwake kabla ya saa ya kutotoka nje. Kesho nitakwenda mapema pale malori yanaposimama, na Alida amesema kupitia Domitille kwamba atakuja nami, ingawa hasemi nami. Bahasha nimemwambia Domitille awarudishie wakifika, pamoja na bia yote. Na ng'ombe akishuka, nitaipokea kamba mbele ya watu kwa mikono miwili, nitamsifu, na nitajitahidi kumsifu vizuri kuliko yeye alivyomsifu.

Kisha nitampa Anselme kiti. Nitangoja anywe, apumzike, apigwe sindano yake ya sukari. Sitaki isemwe kwamba nilimshambulia akiwa amechoka.

Akifia huko atakuwa amenishinda milele. Hakuna hoja duniani inayomjibu maiti, na msibani kwake atakayehubiriwa ni mimi.

Ee Bwana, umlinde Fabrice kwa ajili ya Alida. Anselme umlinde kwa ajili yangu. Bado sijamalizana naye.