Sura Yangu Kwenye Tiriko ya Noeli

Nyabiondo, Masisi
Siku ya ine, tarehe 14 Desemba 2023

Mpendwa mujukuu wangu Valérie,

Mimi tate wako Mumbere Constantin, kaka ya marehemu bibi yako Kasoki, nina miaka sabini na saba. Nilipita rebelioni ya 64, nikapita vita ya 93, ya 96 na ile iliyozaliwa nyuma yake, nikapita kolera, nikapita daktari wawili waliosema sitafika Pasaka, na hao daktari nilienda kwa kilio yao wote wawili. Nimeanza na haya mbele ya salamu kusudi ujue vizuri: mwenye kushika hii biki iko muzima, na hakuna muntu anayemuandikia. Ni mukono yangu. Nilisoma miaka mbili tu kwa mapadri, na hiyo mbili ilinitosha.

Sasa salamu. Hujambo mujukuu? Baridi ya Canada inakutendea namna gani? Tunasikia kwamba kule mutoni inageuka jiwe na watu wanatembea juu yake. Mimi ningetembea bila fimbo. Mama yako Joséphine-Marie, mugongo yake inaendelea aje? Sisi huku tuko, tunasukuma siku. Bibi yangu wa ndoa, Kaswera, iko, ni magoti tu inamusumbua. Maharagi ilitoka vizuri kwa wale waliobaki kulima.

Valérie, nina neno moja la kukuomba, na kama karatasi zingine zinapotea, hii moja ikufikie. Mutafute mutoto wangu Solange kwa telefone mbele ya siku ya Mungu, tarehe 17, umwambie abaki Walikale na watoto wake. Asikanyage barabara. Mimi sikufa. Sasa soma polepole nikueleze namna nilikufa bila kujua.

Unakumbuka mwezi wa tisa, wakati rezo ya telefone ilikuwa ingali inafika huku, uliniandikia kwa telefone ya Ndagijimana, yule anayepigaka watu foto hapa santa, katikati ya kijiji. Ulisema kule kwenu kuko duka ndani ya enterineti: muntu anatuma foto, anachagua kitu, wanamuchapia uso juu yake na kumuletea mupaka kwa mulango. Ukasema Noeli hii unataka kila nyumba ya jamaa ikuwe na kitu chenye uso wa muzee. Nilifurahi. Nikasema, huyu mutoto ametoka kwetu kweli, anajua nani wa kuchapa.

Ndagijimana alinipiga foto nyingi, lakini ile uliyopata ni mimi niliichagua. Koti nyeusi ya ndoa ya Solange, kravati, shingo wima, bila kucheka. Muzee haonyeshi meno kama kichwa cha mbuzi kwenye makaa. Ndagijimana mwenyewe alisema hajaona minister aliyekaa namna ile.

Basi ukakomande zile tiriko nyeupe za mikono mifupi, uso wangu kifuani, buji mbili zinazowaka, moja huku moja kule, na majani ya kijani kuzunguka. Chini ukaandika: Papa Constantin, tunakupenda siku zote. Nimeiona. Ni kazi safi, hata kovu ya shavu inaonekana. Lakini mutoto wangu, ulitoka huku ungali mugongoni mwa mama yako, na hakuna aliyekufundisha. Kwetu muntu akiwekwa uso yake juu ya tiriko, ni marehemu. Wanazichapishaka Goma, jamaa wanazivaa siku ya kuzika, na nyuma wanalimia nazo shamba mupaka zinapasuka. Kwa kikombe haina neno. Kwa kalendari haina neno, hata askofu yumo. Lakini tiriko, tena na buji. Kwenu buji ni ya Noeli. Kwetu zile mbili zinawekwaka pembeni ya sanduku.

Koli yako, ule muzigo wa tiriko, ilifika Goma na yule mama uliyemupa. Karatasi yako ya kueleza, wanasema ilibaki ndani ya karto. Tiriko za Solange zilipanda ndege ndogo mupaka Walikale, kwa kuwa barabara ya kupitia huku imekufa. Solange akafungua, akaona baba yake katikati ya buji. Hakuuliza muntu. Alikuandikia tu, kwa telefone ya jirani yake Mukandori, yule muganga wa watoto: aksanti kwa tiriko za papa. Nawe ukamujibu: ni kitu kidogo, anastahili zaidi, tunamupenda sana. Sikulaumu. Ulijibu vizuri kama mutoto aliyelelewa. Lakini huku hatuandikaka kifo kwa telefone, hata neno lenyewe hatuliandiki, kwa hiyo Solange alisoma pole yako na akaanza kulia.

Namna gani nimejua haya yote? Juzi nilikuwa ndani ya butike, napima chumvi. Pikipiki ikatokea upande wa Kashebere, matope mupaka kwa kofia. Aliyeshuka ni mwanaume wa Walikale, anaitwa Émile. Akafungua koti juu ya joto, nikajiona. Uso wangu mwenyewe, kifuani mwake, unaniangalia.

Akauliza:

—Papa, kilio iko wapi?

—Kilio ya nani?

—Ya Papa Constantin wa butike. Mutoto yake njo amenituma.

—Constantin njo miye.

Alinitazama. Akatazama kifua chake, kichwa chini juu. Akarudi kunitazama.

—Papa, tafazali. Batu ya Walikale banalia. Usinichezee.

Kaswera alitoka nyuma na sufuria, akaona ile tiriko, sufuria ikaanguka. Mbele ya kuuliza kitu alikuja kunishika shingo kujua kama ina moto.

Kumbe Émile alikuwa ameuliza njia kila pahali, na kila pahali watu waliona tiriko. Mbele ya jioni walianza kuja. Kanyamibwa, yule wa ng'ombe, ambaye tangu ujana tunashindana nani atazika mwenzake, aliingia na debe ya maharagi ya kilio, uso chini, akanikuta nakunywa chai. Alikasirika kabisa. Akasema, kumbe bado. Nikamwambia aache maharagi hapo hapo, siku yangu ikifika yeye atakuwa amekwisha kuleta yake. Watu walicheka, mimi pia nilicheka. Sikuwa nimesikia bado mwisho wa maneno ya Émile.

Mwisho wake ni huu. Solange alimwambia hivi: «Uwaambie wasimuzike mbele sijafika. Siku ya Mungu nyuma ya misa, kama haujarudi, nitachukua batoto na nitapita pori. Na ukinipigia telefone kuniambia papa iko muzima, sitakusikiliza.»

Hayo ya nyuma njo inanikataza kulala. Wewe haujui, lakini mama yako anajua. Mutoto wetu Lévi alipopigwa masasi barabara ya Kashebere, mimi njo nilimupigia Solange telefone. Nilimwambia: ndugu yako anasumbuka kidogo, lakini iko muzima, njoo. Hiyo njo desturi. Hauwezi kumuangushia muntu kifo ndani ya sikio akiwa mbali na peke yake. Unamuita kwanza. Anafika, anaona watu wameketi inje, anaelewa, na wako pale wa kumushika. Solange alifika amebeba machungwa ya mugonjwa. Kwa hiyo leo, «iko muzima» ikitoka kwa kinywa cha jamaa, kwake maana yake kaburi imechimbwa.

Na barabara ni ile ile. Jana masasi ililia upande wa Kashebere tangu asubuhi, watu wa soko wakarudi wanakimbia na mizigo kichwani. Émile hawezi kurudi kwa njia aliyokuja nayo, pikipiki yake iko hapa nyuma ya butike, tumeifunika majani. Solange haoni yale. Yeye anaona tu baba anayengoja kuzikwa. Iko na watoto watatu, mudogo bado wa mugongoni. Ile pori ninaijua kuliko muntu yeyote aliye hai, nilibebaka mafuta ya mawese ndani yake nikiwa kijana, sikuogopa mutoni wala chui. Lakini wakati ule ilikuwa na chui tu. Siku hizi muntu akipotea mule, jamaa wanaogopa hata kuuliza.

Nilifikiri sana. Kinywa, Solange hawezi kuamini. Foto ya zamani, hawezi, kila nyumba iko nayo. Lakini hii tiriko haikuwa huku mbele ya mwezi huu. Kama ananiona mimi mwenyewe ndani ya tiriko yangu, basi niko. Marehemu havaaki nguo ya kilio yake.

Kaswera alikatala. Alichukua ile tiriko kwa Émile, akaiketia. Akasema:

—Constantin, ukiivaa, usiniombe tena chakula. Miye sipikiaka batu bamekufa.

Wazee wa hapa walikuwa naye, hata wale wanaopokea komunio kila siku. Wanasema muntu akijivika kilio yake, anaonyesha kifo mulango wa nyumba. Katekista alisema huo ni upagani. Halafu akasema, lakini tungoje kidogo.

Sikubishana nao, na wewe unajua mimi ni muntu wa kubishana. Nilimwambia Kaswera neno moja: Solange iko na watoto watatu. Akaamuka, akanipa.

Valérie, sikuogopa. Nimelala mara nyingi chini ya masasi na asubuhi nikafungua butike. Lakini nilipoishika, nilitafuta tundu la kichwa mara tatu. Naona ilikuwa giza ya mvua. Niliingiza kichwa, nikasema Baba Yetu ndani ya kitambaa mule, nikatokea upande mwingine. Ilinibana kwa tumbo, utawaambia watu wa duka.

Ndagijimana akapiga foto mbele ya butike. Nimesimama, nakula maharagi ya Kanyamibwa, na Kanyamibwa mwenyewe pembeni amenuna. Kaswera alisema haingii ndani ya foto kama hiyo. Lakini ukitazama vizuri, mukono unaoshika sahani ni wa kwake.

Kesho asubuhi Émile anaondoka kwa miguu, anapanda upande wa Nyamitaba mupaka pahali rezo inashikaka. Akifika atapiga foto kila karatasi ya hii barua na kukutumia, pamoja na ile foto yangu, Ndagijimana amekwisha kumuwekea ndani ya telefone, kwa kuwa Mukandori hatujui namba yake huku na wewe uko nayo. Kama Mungu anamupitisha. Namuombea huyo muntu kama ninavyoombea nyumba yangu, na hata si muntu wa kwetu.

Ukipata, usingoje kupambazuke kwenu. Tuma foto kwa Mukandori aipeleke machoni pa Solange. Nyuma umupigie wewe, kwa sauti yako, umueleze duka, umueleze buji ni za Noeli, umueleze kwamba wewe njo ulizichagua. Dunia yote hakuna muntu mwingine anayeweza kueleza ile tiriko. Na usianze na kusema papa iko muzima. Anza na kusema: usikuje. Kwetu mwenye kuficha kifo anasemaka njoo. Mimi, baba yake, ninasema asikuje. Abaki Walikale, akule Noeli yake kule, hata kama sitamuona mwaka huu, hata kama sitamuona tena. Siku nitakufa kweli tutamupigia tumwambie papa anasumbuka kidogo, njoo haraka. Leo neno si hilo.

Usilie juu ya kado yako ya Noeli. Haukukosea kunipenda. Mwaka ujao ukomande vikombe, na uso uwe ule ule, usibadilishe.

Umusalimie sana mama yako Joséphine-Marie, umwambie apake mugongo mafuta ya moto. Usalimie mume wako ambaye sijamuona lakini nasikia anakula fufu bila kulazimishwa. Jamaa wetu wa Bweremana, ukiwapata, uwaambie wasivae zile tiriko kwenda misa, wazikunje waziweke, siku yake itafika. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na yule anayemufunika Émile njiani ni huyo huyo.

Mimi tate wako anayekupenda, na anayepumua,

Mumbere Constantin

Kama muntu anasema nimeandikiwa haya, mashahidi wako. Émile wa Walikale, aliyeniuliza kilio yangu iko wapi. Ndagijimana wa foto. Kanyamibwa, ambaye angefurahi kusema kinyume na hawezi. Na Kaswera, mama ya Solange. Siku ile ya Lévi, mimi nilipomaliza kusema, nilimupa telefone na yeye amwambie Solange kwamba ndugu yake iko muzima. Aliirudisha kwa mukono yangu bila kufungua kinywa. Hajawahi kumudanganya mutoto wake, hata kwa desturi. Hajui kuandika, lakini amesema anataka kuwa ndani ya hii barua. Nimevunja biki, amechovya kidole ndani ya wino, na amekiweka hapa chini, Solange akione.