Karai la Bahari na Korosho za Mama

Salalah, Omani

Dada yangu Somoe, shikamoo.

Kabla hujaniuliza mzima au mgonjwa, kaa kwanza kwenye mkeka, maana habari hii ukiisoma umesimama utaanguka. Mdogo wako nina bahati ambayo hapa bandarini wanaisimulia mpaka kwa Kihindi. Kati ya watu wote wa kiwanda cha barafu, msimamizi kaniita mimi, kanishika mkono, kanipa likizo ya msimu mzima na tiketi ya ndege juu yake. Nakuja nyumbani. Bwana Chande wa Mikindani, anayekuletea barua hii, amenitangulia tu. Waambie watu wa Ziwani wafagie njia.

Haya, sasa salamu. Mama miguu yake inaendeleaje? Mwanao Zuhura ameshapata jibu la chuo cha uuguzi? Na shemeji, ameacha kubishana na redio? Mimi ni mzima, nimenenepa, na baridi ya barafu imening'arisha kidogo, kwa hiyo msinishangae.

Dada, huku nimekuwa msomi. Usicheke. Shule niliiacha njiani, wewe ndiye uliyekuwa unanifukuza na fimbo nirudi, lakini elimu ya bahari nimeipata bure, tena ndani ya karai langu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Sisi tunatengeneza barafu ya maboti ya samaki. Lile kusi linalowapulizia vumbi huko kwenu linakatiza bahari mpaka huku, na likifika linaleta ukungu na manyunyu, milima inakuwa kijani kama Makonde mwezi wa pili, na maji ya pwani yanapoa kama ya mtungi. Hiyo ni kawaida ya kila mwaka. Safari hii manahodha wakawa wanarudi wananung'unika: maji hayakupoa vizuri, samaki wamehamia mbali, barafu inayeyuka haina cha kugandisha. Ndipo akaletwa kijana wa hali ya hewa awaeleze.

Kijana kaja na ramani za rangi rangi. Watu wakapiga miayo. Nikamwonea huruma, nikaenda kumletea lile karai letu refu la kuoshea samaki, nikalijaza maji, upande mmoja nikatupa barafu, upande wa pili nikamimina birika zima la maji ya chai. Bila mimi yule bwana angeondoka na ramani zake hivyo hivyo. Akawasha feni, maji ya moto yakawa yanateleza kwa juu, na mvuke ukawa unapanda kule kule kwenye moto.

Akasema Bahari ya Hindi ndivyo ilivyo. Kuna miaka upepo unayalimbikiza maji ya moto upande wa Indonesia, mvua inawanyea wao. Kuna miaka upepo unageuka, joto linakuja upande wetu wa Afrika, kwao kunapoa, na mawingu yanalifuata joto kama paka anavyofuata jiko. Tena si karai hilo peke yake. Kule upande wa pili wa dunia kuna bahari kubwa zaidi, nayo ikipata joto ndiyo hiyo Elinino tunayoisikia tangu utotoni. Ikiamka, mkulima wa India anaweza kukosa mvua ya mpunga wake, na mwingine asiyemjua anachukuliwa nyumba na mafuriko. Nilibaki mdomo wazi, dada. Miaka yote nilidhani mvua ya Ziwani ni mambo yetu sisi wenyewe.

Nikanyoosha mkono nikauliza, "Na Mtwara je?"

Nadhani hajawahi kuulizwa hilo. Akainama kwenye ramani, akaitafuta kona yetu, pale Ruvuma inapoingia baharini, na pale pote palikuwa pekundu, rangi ya joto. Akasema, "Kwenu mvua zinaweza kuwahi, na zikawa kubwa. Lakini si ahadi, bahari haiweki saini."

Nikawageukia manahodha, nikawaonyesha ule wekundu kama shamba langu. Nilifurahi mpaka kijana akaniomba nikae chini.

Lakini chumbani nalala na Sutono, mtu wa Java, kwao wanalima mpunga. Nilimkuta ametoka kuongea na kaka yake kwa simu. Visima vimekauka, majaruba yamepasuka, mbegu bado iko kwenye mfuko. Mimi niliingia nikicheza, nikaona haya. Akaniuliza yule kijana amesemaje kuhusu kwetu. Nikamwambia kwa kunong'ona, kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Sutono akacheka kidogo, akasema, "Basi mvua yetu imekuja kwenu. Itumieni vizuri."

Neno hilo halinitoki, dada, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mara ya mwisho kwenye simu uliniambia, "Korosho za mama tutaziacha chini ya miti, hatugusi hata moja mpaka mjomba wao aje afunge gunia la kwanza." Najua ndivyo tulivyolelewa, na mjomba wetu naye tulimsubiri vivyo hivyo. Mwaka mkavu haidhuru, korosho inakaa chini na haiulizi kitu. Lakini mvua ikiwahi, inalowa, inakuwa nyeusi, na pale kwenye chama cha msingi tunakouzia, mpimaji ataikata moja, ataitazama, ataisukuma pembeni. Na hiyo ndiyo ada ya Zuhura, hatuna nyingine.

Kwa hiyo fagieni chini ya mikorosho sasa hivi. Okoteni kila siku zinavyoanguka, mng'oe mabibo, anikeni juani, na wingu likionekana zifunikeni kwa turubai, magunia yakae juu ya uchanja. Shemeji mabibo achukue, lakini pombe yake, uraka, asinywe mpaka kazi iishe. Na lile shamba la mpunga bondeni Ruvuma, tifueni mapema, mpande upande ulioinuka. Kile kipande cha chini kabisa waachieni viboko mwaka huu.

Nisalimie mama, mwambie mwanawe anakula. Msalimie shemeji na redio yake, fundi baiskeli wa pale njia panda, mwalimu wetu wa madrasa aliyeniambia sitafika popote, na yule jirani mwenye mbuzi wakorofi. Zuhura mpe mkono wa mjomba.

Mimi mdogo wako,
Selemani

Dada, nimeisoma tena barua, na najua ukifika pale mwanzo utasimamisha kila kitu unisubiri. Usisubiri. Likizo ilikuwa ya mtu mmoja, na aliyeipata ndiye huyo Chande aliyesimama hapo mbele yako. Mimi sikupewa likizo, tiketi sina, siji. Gunia la kwanza afunge Zuhura.