Mchoro wa Mwalimu wa Mtae

Zaina mdogo wangu, mmeamkaje Muheza? Huku Lushoto ukungu umefika mpaka dirishani mwa semina, na mapeasi niliyonunua nimeyasukuma kando kwa wivu. Mwalimu mmoja wa Mtae katuonyesha video zake za mtandaoni. Wanafunzi wanaonekana mikono tu, sura hakuna, na hata kwa hiyo mikono aliwaomba wazazi ruhusa nyumba kwa nyumba. Ukumbi mzima makofi! Nikasema moyoni, anajidai tu. Halafu akatoa mchoro wake wa mzunguko wa maji.

Zaina, ndio ule ulionisifia kwenye kundi letu la walimu. Nilikata jina lake nikaandika langu. Wewe ndiye admini: uufute leo, mapeasi yote yako.

Dada yako akupendaye.