Kadi ya Saa Tano na Nusu

Bunia, 5 Septemba 2023

Mdogo wangu Joëlle,

Nakusalimu. Usikimbilie mwisho wa barua kutafuta habari mbaya, najua tabia yako: hakuna mgonjwa. Honoré mgongo unamsumbua kidogo, mimi ni mzima, mashine yangu ya kushona ni nzima, na Jemima anakula kama mtu aliyetoka kulima. Wewe je? Kile kikohozi cha moshi kimekuacha? Na wachimbaji wa dhahabu unaowapikia, wanakula vizuri au bado wanalalamika kwamba sombe yako ya majani ya muhogo haina chumvi?

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tukifika dakika ya tatu tunagombana, kisha mtandao wa huko kwenu Kilo unakatika pale pabaya. Dany wa pikipiki anapeleka maharage huko, nimemwambia akupe hii mkononi.

Jana Jemima ameanza shule ya watoto wadogo, maternelle. Kabla ya hapo walituita wazazi wote, wakatusomea masharti mpaka makalio yakafa ganzi. Mlango unafunguliwa saa moja na nusu na saa mbili unafungwa, ukichelewa unarudi na mtoto wako. Tablier, aproni yao ya shule, lazima iwe na jina lililoshonwa, si kuandikwa kwa kalamu ya bic, na leso ibanwe kifuani kwa pini. Chakula cha mapumziko ni ndizi, kiazi au karanga. Fanta na biskuti ni marufuku, maana mwaka jana watoto walipigana kwa biskuti. Halafu ukimleta mtoto unamuaga mara moja tu, unaondoka. Kusimama dirishani ni marufuku kabisa. Nilijificha nyuma ya choo nikachungulia. Baba Ambroise, yule mzee wa mlangoni, akanikuta: "Mama, ata weye? Enda kwako." Mtoto hakulia. Mimi ndiye niliyelia njiani.

Sharti kubwa ni la saa tano na nusu, saa ya kuchukua watoto. Kila mtoto ana watu watatu kwenye karatasi, wenye picha na kadi. Unaonyesha kadi, mwalimu wao Mama Immaculée anamuuliza mtoto, "Nani amekuya kukubeba?" Mtoto anajibu. Kadi na mtoto visipokubaliana, hutoki naye hata ukigaagaa chini. Nimeandika mimi, Honoré na jirani yetu Bernadette.

Dada yako mkubwa,
Alphonsine

*

Kilo, 12 Septemba 2023

Dada,

Natumaini hii inakukuta na nguvu, na mgongo wa shemeji umepoa. Kikohozi kipo, tumezoeana. Barua yako nimeisoma mara nne, mara mbili nikiwa nimesimama juu ya sufuria, na maharage yakaungua. Wachimbaji wamekula hivyo hivyo.

Nikija nitaleta biskuti, watanifunga?

Sasa sikiliza. Nimehesabu majina: wewe, shemeji, Bernadette. Bernadette, Dada, ambaye anasahau hata mbuzi wake. Mimi niko mbali, sawa, kadi ya kazi gani. Lakini karatasi ya shule ina mahali pa kuandika mama wa mtoto. Nimewaza jambo hili siku tatu, nikipika nawaza, nikilala nageuka. Pale uliandika nini?

Nijibu upesi. Dany anarudi hapa Jumanne.

Mdogo wako,
Joëlle

*

Bunia, 29 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Habari za siku hizi? Sisi tunaendelea. Jemima alikuwa na mafua, amepona. Dany amepita Jumanne mbili na nimemwambia barua haijaisha. Ukweli ni kwamba haikuwa imeanza.

Niliandika jina langu.

Directrice, mkuu wa shule, hakuinua hata kichwa. "Mama ya mutoto ni nani?" Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu ishirini. Nikasema, "Ni miye." Ningeweza kukuambia kwamba kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna anayeuliza nani alimbeba tumboni. Ni kweli. Sokoni wananiita Mama Jemima, kanisani Mama Jemima. Wewe ulisema unamwacha miezi miwili. Alikuwa anaanza kusimama. Leo ni miaka mitatu, umekuja mara mbili, na mara ya pili alikuwa na homa, hakufungua macho. Baba yake alivuka ziwa na hajatuma hata salamu. Ulianza ushonaji ukaacha, ukaenda Kasenyi kuuza samaki ukaacha, sasa Kilo. Mtu kama wewe unamwandika wapi? Kwa penseli?

Hayo yote ningeweza kuyasema. Lakini wewe ni mdogo wangu na sitaki kukudanganya: nilipoandika sikusita. Mungu hakunipa mtoto, unajua, na pale kwenye foleni nilifurahi. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Na hizo biskuti usilete. Nimekwambia ni marufuku.

Dada yako,
Alphonsine

*

Bunia, 21 Oktoba 2023

Joëlle,

Uko salama? Ulifika? Njia ilikuwaje?

Wiki tatu sikupata neno lako, nikasema amekasirika, atanyamaza mpaka Noeli. Kumbe. Jana nimefika mlangoni kumchukua Jemima, Baba Ambroise ananishika mkono: "Mama, leo mwanamuke moja alikuya. Hana kadi. Anasema yeye ndiye alizala. Tukatafuta jina yake mu karatasi, haiko." Nikajua kabla hajamaliza.

Amenieleza yote, wala sikumwomba. Ulifika saa tano kasorobo, na vumbi la njia nzima usoni. Hukwenda dirishani. Alikuonyesha kivuli karibu na dirisha, ukakataa, ukasema, "Wazazi hawasimamake pale." Ulibeba karanga za kuchemsha kwenye kitambaa, na leso yenye jina Jemima uliyoshona mwenyewe. Directrice akakuambia sheria ni sheria. Hukupiga kelele. Ulimpa Ambroise vile vitu, ukapanda pikipiki ile ile ukarudi. Kutoka pale mpaka kwangu ni dakika tano kwa miguu, Joëlle.

Leso iko hapa mbele yangu. Herufi ya M imelala, na nyuma nyuzi zimefungamana kama kiota. Nimefundisha wasichana wengi kushona na sijaona kazi mbaya kama hii. Nimeishika tangu asubuhi, gauni la harusi ya watu limenisubiri.

Miaka yote nasema wewe ndiye usiyefuata utaratibu. Umetoka Kilo, umefuata kila sharti nililokuandikia, hata la dirisha ambalo mimi mwenyewe nilivunja siku ya kwanza. Aliyedanganya kwenye karatasi ni mimi. Naona haya. Niandikie hata matusi.

Dada yako,
Alphonsine

*

Kilo, 4 Novemba 2023

Dada,

Nilifika. Mgongo wa shemeji unaendeleaje?

Matusi nilikuwa nayo mengi, yaliisha njiani. Nilipotoka mlangoni watoto walikuwa wanaimba, nikasikiliza nijue sauti yake ni ipi. Sikuijua. Hapo ndipo nilipoona kwamba yule mzee ana haki ya kunizuia. Mwalimu angemuuliza Jemima, "Nani amekuya?" angejibu nini? Kadi ningekosa, na mtoto pia ningemkosa.

Sikupita kwako kwa sababu ningekupiga, au ningelia kwenye mapaja yako, na dereva alikuwa ananidai niharakishe.

Hapa sikai vizuri tena. Naweka sufuria, natoka mlangoni, narudi. Naomba kitu kimoja, sitaomba kingine: rekebisha karatasi.

Joëlle

*

Bunia, 16 Novemba 2023

Mdogo wangu Joëlle,

Salamu. Honoré anakusalimu, mgongo wake unasalimia pia. Jemima amejifunza kuhesabu mpaka kumi na mbili, ila saba anairuka, sijui imemkosea nini.

Nimekwenda kwa directrice na cheti chake cha kuzaliwa kilichokuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Alinitazama juu ya miwani: "Kumbe ulitudanganya, mama." Nikasema ndiyo. Kulikuwa na wazazi wengine, wamesikia wote, na Jumapili watakuwa wamesikia hata ambao hawana watoto. Alichana ile karatasi, akatoa mpya. Mahali pa mama pana jina lako. Mimi nimeshuka mstari wa pili, na mbele yake nimeandika: dada wa mama. Bernadette ameondolewa, hanisalimii tena.

Kadi yako iko ndani ya bahasha. Picha ni ile ya ubatizo, ndiyo pekee niliyokuwa nayo, una mashavu.

Sasa nikuambie ninachoogopa, kisha nifunge. Mwenye kadi hii anaweza kufika siku yoyote saa tano na nusu, akamchukua Jemima, akapanda naye pikipiki, na mimi nikakuta mkeka mtupu. Hakuna sharti la kumzuia. Nimefungua bahasha mara mbili nitoe kadi. Sasa nimempa Dany.

Dada yako,
Alphonsine

*

Bunia, 14 Desemba 2023

Joëlle,

Hujambo? Barabara ilifungwa wiki mbili, hakuna pikipiki iliyopita, nikasema ndiyo sababu. Jana Dany amerudi. Anasema kadi alikupa mkononi, na sasa mgahawa umefungwa, sufuria umeuza, hakuna anayejua ulikokwenda.

Kila siku nafika shuleni saa tano kamili. Baba Ambroise ananicheka. Nageuka nikisikia pikipiki. Nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia mara mbili wiki hii. Kama unamtaka mtoto, njoo nyumbani umchukue mchana, mbele yangu, na nguo zake nitakufungia mimi. Usinifanye nimsubiri mtu kama mwizi.

Namwachia Dany hii. Akikuona popote, akupe.

Dada yako

*

Bunia, 26 Januari 2024

Dada yangu,

Usishtuke kuona barua ndani ya mfuko wa Jemima, nimemwomba Mama Immaculée aiweke. Niko mzima. Niko Bunia tangu tarehe nane, mwezi huu huu. Nimepanga chumba mtaa wa Mudzipela.

Nauza karanga ng'ambo ya barabara, maana mbele ya mlango ni marufuku kuuza. Kitambaa nakishusha mpaka kwenye nyusi. Umenipita mara nyingi. Siku moja ulinunua kwa mwenzangu, ukalalamika kwamba kipimo ni kidogo, nami nimeinama hapo hapo na kicheko kooni. Nisamehe kwa kutokuja. Nilitaka kwanza mtoto anijue kidogo, na kwako angeniona mgeni anayekaa na watu wazima. Hapa asubuhi naona anavyoingia. Alianza kunipungia mkono wiki ya pili.

Jana ulichelewa. Saa tano na nusu ilifika, watoto wanaondoka, wewe hupo. Sikuwaza, nilivuka. Nikatoa kadi. Mama Immaculée akatazama picha, akanitazama, akamuuliza Jemima, "Nani amekuya kukubeba?"

Dada, Jemima akasema, "Iko mama ya karanga."

Mwalimu akatazama karatasi, kisha akaniambia polepole, "Kadi iko muzuri. Mutoto naye anakujua. Unaweza kumubeba." Nilimshika mkono. Mkono wake una joto, na kwenye kidole gumba kuna wino. Kisha nikakuona unashuka barabarani mbio, futi ya kupimia watu bado shingoni, viatu mkononi. Nilimrudisha kwa mwalimu, nikamwomba asikuambie, nikavuka tena. Sikutaka ukute mkeka mtupu.

Jina hilo silo nililotaka. Lakini amenipa mwenyewe, hakuna aliyeliandika.

Sitamtoa kwako. Na Kilo sirudi, hata ukiniona nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nataka jambo moja. Jumatatu usije.

Mama wa karanga

*

Bunia, 29 Januari 2024

Mdogo wangu Joëlle,

Barua hii iko kwenye mfuko wake, upande wa leso. Natumaini umelala. Mimi sijalala tangu Ijumaa, Honoré amehamia kwenye kiti.

Kile kipimo kilikuwa kidogo, nilisema kweli.

Alhamisi Jemima aliniambia mama wa karanga alikuja kumchukua. Nilimwambia ale, aache hadithi. Leo asubuhi nimemwambia wewe ni nani. Amefikiri, kisha ameuliza kama karanga zitabaki.

Ukimtoa, tablier usimvue njiani, atakataa kuivaa kesho. Penye mfereji anataka kuruka mwenyewe, mwache, ila kaa upande wa pikipiki. Atakuambia amechoka kabla ya duka la mkaa. Hajachoka, anataka kubebwa. Mimi huwa namkatalia. Wewe fanya utakavyo, leo. Leso aliyobanwa kifuani ni ile yako yenye M iliyolala, nimejaribu kuinyoosha kwa sindano, nimeacha.

Njia unaijua. Usipite naye Mudzipela kwanza, sina moyo wa hivyo.

Tukifika mlangoni nitamuaga mara moja tu, niondoke, nisigeuke. Kisha nitakaa kwenye mashine na saa nimeifunika kitambaa. Nimepika sombe ya watu wanne. Sitakuja.

Mama mkubwa wa Jemima,
Alphonsine