Longino Kamshinda Baba Mkwe

Jovina, huko Muyinga umekaa? Kaa. Mchumba wako kaharibu posa!

Baba yako alimwomba aurudishe ule mchezo wake wa magari wa zamani, maana kompyuta mpya inaukataa. Longino kahangaika mpaka ukafunguka. Makofi!

Yoo, gari likapaa! Kompyuta mpya ina mbio kuliko mchezo wenyewe. Baba akigusa tu, ukutani.

"Mkwe, na binti yangu utamwendesha hivi?"

Longino kapunguza mwendo wa mchezo. Halafu, Jovina, kakaa ashindane naye. KAMSHINDA! Baba mkwe! Mbele ya wajomba!

Mama yako kashika mdomo.

Baba kazima kompyuta: "Posa tutaizungumza siku nitakayoshinda mimi."

Sasa Longino yuko uani, ananiuliza watu wanashindwaje. Mpigie umfundishe, dada, la sivyo utazeekea huko.