Koti la Vyumba vya Baridi

Kwako Kaka,

Salamu nyingi. Natumaini hamjambo nyote, wewe, wifi na watoto, na kwamba mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi sijambo kidogo. Leo vidole vimekubali kushika kalamu, nikasema nisiiache nafasi hii.

Unaijua kazi yangu ya kusimamia ghala la samaki. Mshahara mnono, ofisi ya zulia, na sindano ya baridi yabisi kila wiki mbili kwa bima ya kampuni. Ulikuwa ukinitania kwamba nimeangukia kwenye asali. Lakini hukuyaona yaliyonipata tangu mwaka jana, pale bosi wetu, tunayemwita Kidevu, alipoanza kunituma mimi kukagua vyumba vya barafu mara tatu kwa siku, kazi iliyokuwa ya wapakizi. Lile koti zito lina vifungo sita, na mlinzi ndiye aliyekuwa akinifungia, kama mtoto wa chekechea.

Mwezi uliopita nilimpelekea Kidevu barua ya kuacha kazi. Hakuifungua. Alicheka, akasema siku ile ya mwaka jana alipokuja kumjulia hali Mama, wewe mwenyewe ulimhakikishia kwamba siendi popote, maana bila sindano zao siwezi hata kujifunga kifungo. Kaka, ulimwambia mpaka habari ya vifungo! Nilitoka pale kwa hasira. Nilikuchukia, na bado.

Kuhusu sindano, usijisumbue. Hospitali ya misheni imeniajiri kwenye stoo ya dawa. Mshahara ni robo ya huu, ila wafanyakazi wanatibiwa bure. Naanza Jumatatu.

Na wewe pia unaanza Jumatatu. Miaka mitatu umenisumbua nikutafutie nafasi, basi nimekupa kiti changu. Barua ya ajira imo humu. Najua utasaini hata baada ya kusoma haya, kwa sababu insulini unayojinunulia kwa kujificha sasa italipiwa na kampuni.

Nina jambo moja la kukiri. Nilipokupendekeza, Kidevu alisita, akauliza kama nawe utamkimbia. Nikamweleza kisukari chako, ambacho hata wifi hakijui, na nyayo zako zinazokufa ganzi. Nikamwambia alale usingizi, huyu haendi popote.

Nisalimie Mama, na watoto uwabusu. Koti nimeliacha nyuma ya mlango wa ofisi. Uvae soksi mbilimbili, sakafu ya kule ni baridi sana.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye hajakusahau.